Mdhamini wa Kujitolea Ana Deni kwa Mkazi, Si kwa Ndugu Waliompigia Kura

Tangu mwaka 1960 hadi 1971, Hospitali ya Sibley mjini Washington ilikuwa na kamati ya fedha na kamati ya uwekezaji. Katiba yake ilizitaja na wajumbe wake walijulikana kwa majina, lakini katika miaka yote hiyo hazikuwahi kukaa kikao hata kimoja. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa na kinamama wa Kimethodisti kwa ajili ya hisani, iliendeshwa na watu wawili: msimamizi mkuu na mweka hazina. Wadhamini wengine, watu wenye heshima zao na kazi zao za kutwa, walifika kwenye vikao, wakasikiliza, wakapitisha walichowekewa mezani, wakarudi makwao. Fedha nyingi zikalala kwenye akaunti za hundi zisizozaa riba, katika benki ambazo baadhi ya wadhamini hao hao walikuwa na maslahi nazo.

Wagonjwa walifungua kesi wakidai kwamba uendeshaji wa namna hiyo uliwapandishia gharama za matibabu. Jaji Gerhard Gesell alitoa hukumu mwaka 1974. Hakukuta njama ya wizi. Alikuta wadhamini walioacha kusimamia, na akasema wazi kwamba kuacha kusimamia ni kuvunja wajibu. Hakuwaondoa kwenye bodi. Aliamuru, pamoja na mambo mengine, kwamba kila mdhamini mpya athibitishe kwa maandishi kuwa ameisoma hukumu hiyo. Ningependa kila anayechaguliwa kuwa mdhamini wa mali za hisani za chama cha kidugu aisome pia, kabla hajakabidhiwa muhuri.

Nasema hivyo kwa sababu kilichotokea Sibley hutokea kwa urahisi zaidi pale ambapo wadhamini hawakukutana kwenye bodi tu. Katika chama cha kidugu wamekula kiapo pamoja, wamezika wenzao pamoja, na wanaitana ndugu wakimaanisha. Vyama hivyo ni vya zamani na kazi yao haikuwa ndogo. Odd Fellows wa Marekani walianza Baltimore mwaka 1819 chini ya Thomas Wildey, wakajiwekea agizo la kuwatembelea wagonjwa, kuwasaidia walio taabuni, kuzika wafu na kuwasomesha yatima. Freemasons wa Uingereza walianzisha mwaka 1842 mfuko wa malipo kwa wenzao waliozeeka wakiwa hawana kitu, na mwaka 1850 mfuko huo ukaungana na nyumba ya wazee ya Croydon. Elks walifungua makao yao ya wazee Bedford, Virginia, mwaka 1903. Moose walijenga Mooseheart huko Illinois mwaka 1913 kwa ajili ya watoto wa wanachama waliofariki, kisha Moosehaven huko Florida mwaka 1922 kwa ajili ya wazee.

Ukumbuke hali ilivyokuwa. Uingereza ilipitisha pensheni ya uzee mwaka 1908 na bima ya taifa mwaka 1911. Marekani ilisubiri hadi 1935 kuwa na mfumo wa hifadhi ya jamii wa nchi nzima. Kabla ya hapo, mtu aliyezeeka bila mali wala mtoto wa kumtunza alikuwa na mawili: nyumba ya maskini, au loji yake, yaani tawi lake la chama. Seremala, karani, mwashi na muuza duka walichanga ada ndogo kila mwezi, wakajenga makao ambayo baadhi yake yanawahifadhi watu mpaka leo. Waliomjengea mgeni wa kesho kwa fedha za jasho lao wanastahili heshima yetu, na heshima hiyo ndiyo inayonifanya niandike kwa ukali kidogo kuhusu wanaowarithi.

Hoja yangu ni hii. Mdhamini wa kujitolea katika chama cha kidugu amefungwa na kamba mbili, na mara nyingi hajui kwamba ni mbili. Moja inamfunga kwa ndugu waliomchagua, ambao atakutana nao mwezi ujao ukumbini. Nyingine inamfunga kwa mtu aliyelala chumbani katika makao ya wazee, ambaye pengine hamjui hata kwa jina. Kamba hizi zinapovutana, wa kwanza hushinda karibu kila mara, kwa sababu ana sauti na ana kura. Madhara mengi niliyoyaona yakijadiliwa katika taasisi za namna hii hayakuanza na mwizi. Yalianza na mtu mwema asiyetaka kumuudhi mwenzake.

Sheria yenyewe iliziona kamba hizo mbili zamani. Mwaka 1957, katika kesi ya United Grand Lodge, chombo kikuu cha Freemasons wa Uingereza, dhidi ya baraza la Holborn mjini London, mahakama ya Uingereza ilikataa kuwapa Freemasons nafuu ya kodi ya majengo iliyowekwa kwa taasisi za kuendeleza dini na nyingine zilizotajwa pamoja nazo. Ninavyousoma uamuzi huo, udugu ni jambo moja na mfuko wake wa hisani ni jambo jingine, hata kama watu ni wale wale, jengo ni lile lile na muhuri unakaa kabati moja. Mfuko una madhumuni yake yaliyoandikwa. Mdhamini anayatumikia hayo. Furaha ya chama haimo humo, wala sifa ya chama, wala amani ya chama.

Basi tutazame mtu anavyofika kwenye bodi. Katika vyama vingi, nafasi ya udhamini ni tuzo. Ndugu amepanda ngazi za loji kwa miaka mingi, amekuwa katibu, amekuwa mwenyekiti, amehudhuria mazishi yote, hajakosa kikao. Chama kinatafuta namna ya kumshukuru, na kiti kwenye bodi ya makao ya wazee kinaonekana kufaa. Sipingi shukrani, lakini kiti hicho ni kazi. Anakabidhiwa mali ya thamani kubwa, watumishi kwa makumi au mamia, na miili dhaifu ya watu wasioweza kujitetea. Anayepewa kiti kama shukrani huona haya kuuliza swali gumu, maana kuuliza kungeonekana kama utovu wa adabu kwa waliomheshimu. Na aliyekuwa mkubwa wake lojini jana ndiye mwenyekiti wa bodi leo. Utamwambiaje kwamba hesabu zake hazieleweki?

Waswahili husema undugu ni kufaana, si kufanana, na bodi nyingi za kidugu zimegeuza methali hiyo. Wadhamini wanafanana umri, jinsia, historia, hata namna ya kucheka, na kwa hiyo wanakubaliana haraka. Kikao kinaisha kabla ya chakula. Muhtasari unaandikwa kwamba taarifa ya meneja imepokelewa kwa shukrani. Mimi nikisoma mihtasari ya mwaka mzima isiyo na swali hata moja lililoandikwa wala jibu lililosubiriwa hadi kikao kijacho, huwa siamini kwamba mambo yote yalikuwa sawa. Huwa naamini kwamba hakuna aliyekuwa akitazama.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni nani hasa anaishi katika nyumba hizi. Katika nchi zenye makao mengi ya wazee, wakazi wengi ni wanawake, kwa sababu wanawake huishi miaka mingi zaidi. Katika makao ya chama cha wanaume, hiyo ina maana kwamba wengi wa wanaohudumiwa ni wajane wa ndugu. Hawakuwahi kuwa wanachama. Hawakuwahi kupiga kura ya kumchagua mdhamini yeyote. Walipika kwenye sherehe za loji miaka arobaini, wakalea watoto jioni ambazo mume alikuwa kikaoni, na sasa wanaishi chini ya uamuzi wa bodi ambayo hawana njia ya kuiwajibisha. Mjane huyo akiletewa chakula kimepoa kila jioni, atalalamika kwa nani? Kwa marafiki wa marehemu mume wake, waliompa chumba? Ataonekana hana shukrani. Atanyamaza. Ukimya wake utaandikwa kwenye ripoti kama kuridhika: malalamiko, hakuna.

Mdhamini anayeelewa hili hawezi kutosheka na rejista ya malalamiko iliyo tupu. Rejista tupu katika nyumba yenye wazee sitini ni dalili mbaya. Watu sitini wakiishi pamoja, wakilishwa, wakiogeshwa na kupewa dawa na wengine, lazima kuna jambo lisilowapendeza. Kama halijaandikwa, basi ama hawajui pa kulipeleka, au wanaogopa, au wahudumu wamejifunza kwamba kuliandika kunawaletea matatizo.

Kuna ziara za wadhamini ambazo hazifai kitu. Zinatangazwa mapema. Sakafu zinang'arishwa, wakazi wanavalishwa vizuri na kukalishwa ukumbini, kuna chai, kuna wimbo, kuna picha ya pamoja mbele ya ubao wenye majina ya wafadhili. Mdhamini anarudi akiwa na moyo mweupe na hajaona kitu. Makao ya wazee yanajulikana usiku na mwisho wa juma. Nenda saa tatu usiku siku ya Jumamosi. Hesabu wahudumu walio zamu na uulize wangapi ni wa nyumba hiyo na wangapi wameletwa na wakala siku ile bila kumjua mkazi hata mmoja. Sikiliza kengele ya chumbani inalia kwa muda gani kabla ya mtu kufika. Tazama kama kikombe cha maji kiko mahali ambapo mkono wa mzee unakifikia. Hakuna utaalamu wa udaktari unaohitajika kwa haya. Yanahitaji mtu aliyeamua kwenda.

Na mezani kwa bodi, takwimu zinazofaa si zile za fedha peke yake. Wahudumu wangapi wameacha kazi mwaka huu, na kwa nini? Mahali wahudumu wanapobadilika kila baada ya miezi michache, mzee mwenye dimensia, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, huamka kila asubuhi kwa mgeni anayemvua nguo. Hilo ni tatizo la malezi kabla ya kuwa tatizo la ajira. Wazee wangapi wameanguka, saa ngapi, na wapi? Kama wengi wanaanguka alfajiri njiani kuelekea chooni, jibu liko kwenye zamu ya usiku. Wangapi wamepata vidonda vya kulalia upande mmoja? Vidonda hivyo, kwa sehemu kubwa, huzuilika kwa kumgeuza mgonjwa kwa wakati, kwa hiyo idadi yake inasema moja kwa moja kama kuna mikono ya kutosha. Wangapi wamepungua uzito? Mara ngapi dawa imetolewa kwa mtu asiye wake? Mdhamini si lazima ajue kutibu kidonda. Lazima ajue kwamba mwezi uliopita vilikuwa viwili na mwezi huu ni saba, na akatae kuendelea na ajenda inayofuata mpaka aelezwe.

Huko Uingereza, mamlaka ya ukaguzi wa huduma za malezi, CQC, huuliza maswali makuu matano kuhusu kila makao: ni salama, yana ufanisi, yanajali, yanaitikia mahitaji ya mtu, na yanaongozwa vizuri? Hilo la mwisho linaihusu bodi moja kwa moja. Lakini nimekuwa nikiona hatari pia katika kutegemea mkaguzi wa serikali. Bodi husema: tumekaguliwa, tumepewa alama nzuri, nini tena? Mkaguzi hufika siku chache, pengine baada ya miaka. Wadhamini wapo mwaka mzima. Wao ndio wenye nyumba kisheria. Hakuna mtu mwingine wa kumwachia.

Sasa niseme kuhusu majengo, kwa sababu hapo ndipo ndugu hugombana kwa machozi. Hospitali ya Royal Masonic ya Ravenscourt Park, magharibi mwa London, ilifunguliwa na Mfalme George V mwaka 1933. Ilijengwa kwa michango ya loji, na wasanifu wake walipewa medali kwa uzuri wa jengo. Serikali ilipoanzisha huduma ya taifa ya afya mwaka 1948 na kuchukua hospitali nyingi, hii ilibaki mikononi mwa Freemasons. Lakini tangu siku hiyo sababu ya kuwapo kwake ilikuwa imebadilika: ndugu mgonjwa angeweza kutibiwa bure kwingine. Gharama za hospitali ya kisasa zilipanda, na swali la kuiuza au kutoiuza likawagawa ndugu kwa miaka mingi. Hatimaye ilifungwa mwaka 1996. Jengo limo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa kwa umuhimu wake wa kihistoria, na kwa muda mrefu limekaa bila kazi inayolistahili.

Sitaki kuwahukumu waliotaka kulibakiza. Ninaelewa uchungu wa kuuza ukuta wenye jina la loji ya baba yako. Hata hivyo swali la mdhamini halikuwa kama jengo lilikuwa zuri au kama lilijengwa kwa upendo. Swali lilikuwa: fedha hizi, leo, zinamsaidia mgonjwa na maskini wa chama kuliko njia nyingine yoyote? Kila mwaka ambao swali hilo linaahirishwa kwa sababu ya hisia, kuna mzee ambaye hakusaidiwa. Huyo haonekani kikaoni. Jengo linaonekana, na ndugu wanaolipenda wanaonekana pia, wamesimama nyuma ya ukumbi na mabango.

Majengo ya zamani yana tabia ya kula fedha kimyakimya. Lifti ya zamani, paa la slate, mabomba ya risasi, korido isiyopitisha kiti cha magurudumu, ngazi isiyokidhi kanuni za moto. Bodi yenye hofu huahirisha matengenezo mwaka hadi mwaka na kuita hiyo ni kubana matumizi. Hesabu zinaonekana nzuri kwa sababu uchakavu umeandikwa kwa kalamu nyepesi. Halafu siku moja boila inakufa katikati ya baridi na bodi inaita kikao cha dharura, ikishangaa kama kwamba boila hiyo haikuwa na umri unaojulikana. Ningeitaka kila bodi iwe na ripoti ya hali ya majengo iliyoandikwa na mtaalamu asiye mwanachama, yenye makadirio ya gharama kwa miaka kumi mbele, na ripoti hiyo iletwe pamoja na bajeti, kikao kile kile, ili mtu asiweze kuisifu moja bila kuitazama nyingine.

Kwenye mauzo na kandarasi ndipo udugu hugharimu zaidi. Ndugu fulani ni mkandarasi, mwingine ni wakili, mwingine ana ndugu wa damu mwenye kampuni ya kununua ardhi. Anajitolea kufanya kazi kwa bei ya ndugu. Nia yake inaweza kuwa safi kabisa. Lakini bei ya ndugu ina kifungo kisichoandikwa: kazi ikiwa mbovu, hakuna wa kumshtaki. Sheria ilishalifikiria hili tangu mwaka 1726, katika kesi ya Keech dhidi ya Sandford. Mdhamini alikuwa akishika haki ya upangaji wa soko kwa niaba ya mtoto; mwenye mali akakataa kumhuishia mtoto mkataba, mdhamini akauchukua kwa jina lake mwenyewe. Hakumnyang'anya mtoto kitu, kwa maana mtoto asingeupata. Mahakama ilimwamuru aurudishe pamoja na faida yake. Ukali huo una maana: mdhamini akiruhusiwa kunufaika pale ambapo hakuna anayeumia, baada ya muda atakuwa yeye mwenyewe hakimu wa nani anaumia. Sheria za hisani za Uingereza na Wales leo hudai ushauri wa maandishi wa mtaalamu kabla ya ardhi nyingi za hisani kuuzwa, na kwa kawaida humzuia mdhamini kumuuzia mtu aliye na uhusiano naye bila idhini ya tume ya hisani. Chama chochote popote kinaweza kujiwekea kanuni hiyo hata kama sheria ya nchi yake iko kimya.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni ahadi. Katika makao mengi ya kidugu ya Marekani, mzee aliyekubaliwa alisaini kukabidhi alichokuwa nacho, nyumba yake, akiba yake, naye akaahidiwa malezi hadi kufa. Mkataba huo ulikuwa wa haki kwa wakati wake. Lakini aliyeahidi ni bodi ya wakati ule, na anayelipa ni bodi ya wakati mwingine kabisa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Malezi ya mtu mmoja yagharimu 100 leo, na kuna akiba inayotoa 100 kila mwaka kuyalipia. Gharama zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka na mapato ya akiba yakapanda kwa asilimia 3, baada ya miaka 20 malezi yatagharimu takriban 265 na akiba itatoa takriban 181. Pengo hilo halikuibwa na mtu. Limekua lenyewe, taratibu, mbele ya wadhamini waliokuwa wakipitisha mizania kila mwaka na kuona kwamba mwaka huu haukuwa mbaya kuliko uliopita.

Na idadi ya wanaochangia inapungua. Freemasons wa Marekani walizidi milioni 4 mwaka 1959. Leo hawafiki milioni 1. Vyama vingi vingine vya kidugu vimepita njia hiyo. Wazee wanaohitaji makao ni wale walioingia chama kilipokuwa na nguvu, na vijana wa kuwalipia ni wachache. Makao ya Elks huko Bedford, baada ya zaidi ya karne moja, yaliuzwa. Freemasons wa Uingereza walichukua njia nyingine mwaka 2016: mifuko yao mikuu minne ya hisani iliungana kuwa mmoja, na makao ya wazee yakawekwa chini ya kampuni yake ya hisani ndani ya mfumo huo mpya. Naiona njia hiyo kuwa ya busara. Inatambua kwamba kuendesha malezi ni kazi inayotaka bodi yake yenyewe, yenye muda na ujuzi wake, si kamati ya kando ya chama.

Najua pingamizi. Tukiwabana hivi watu wanaojitolea, nani atakubali? Hawalipwi. Wengine wanalipa nauli zao wenyewe. Pingamizi hili lina uzito, na mahakama zimelisikiliza. Shirika la Kids Company la London, lililohudumia watoto na vijana, lilifungwa ghafla mwaka 2015, na serikali ikaomba wadhamini wake wazuiwe kuongoza kampuni. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa, na jaji akaeleza umuhimu wa watu wenye uwezo kutokatishwa tamaa ya kujitolea kuwa wadhamini. Nakubaliana na uamuzi huo. Lakini mwaka uliofuata tume ya hisani ilitoa ripoti yake na kukuta kasoro za usimamizi, na hilo pia ni kweli. Watoto waliokuwa wakitegemea shirika lile waliamka siku moja mlango umefungwa. Mdhamini anaweza kuwa hana hatia mahakamani na bado kazi yake ikawa haikutosha kwa aliyemtegemea.

Kwa hiyo sitaki adhabu zaidi. Nataka uteuzi mwingine. Kutolipwa hakupunguzi wajibu, ila kunapunguza idadi ya viti ambavyo mtu mmoja anaweza kuvikalia kwa haki. Aliye katibu wa loji, mjumbe wa kamati ya ujenzi na mdhamini wa makao ya wazee kwa pamoja, hawezi kuyafanya yote vizuri, na kumwomba ayafanye ni kumwonea yeye pamoja na wakazi. Vipindi viwe na mwisho. Mwenye miaka ishirini kwenye bodi amekuwa sehemu ya samani, na hakuna anayethubutu kumuuliza kitu.

Waswahili husema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Theluthi ya viti, kwa uchache, ikae kwa watu wasio wa chama: muuguzi aliyewahi kuendesha wodi ya wazee, mhasibu asiyemjua mtu yeyote pale, mtu aliyekuwa na mama katika makao kama hayo na anakumbuka alichokiona. Watauliza maswali ambayo ndugu wanaona aibu kuyauliza, na ndugu watapata nafasi ya kuyajibu bila kuonekana wameyaanzisha wao. Nimesikia hofu kwamba wageni watafuta roho ya chama. Sijaona hilo likitokea. Kilichoua roho ya vyama mara nyingi ni kashfa iliyoweza kuzuiwa na swali moja la mgeni.

Nataka pia mkazi awe na njia ya kufika kwenye bodi isiyopitia kwa meneja. Iwe baraza la wakazi lenye haki ya kuweka jambo kwenye ajenda, au mdhamini mmoja aliyepewa kazi ya kukaa nao kila mwezi bila mtumishi yeyote chumbani, na kuandika alichosikia kwa maneno yao. Wajane wawe na sauti humo kwa haki yao, si kwa jina la marehemu. Wenye dimensia wasipoweza kusema, basi familia zao ziulizwe, na wasio na familia wapewe mtu wa kuwatetea asiyelipwa na makao.

Na bodi ijadili mwisho wakati bado ina nguvu ya kuuchagua. Iandike, katika mwaka mzuri, ni kiwango gani cha akiba kikifikiwa itaanza kutafuta shirika la kuungana nalo au kukabidhi nyumba. Itenge fedha za kuendesha makao kwa miezi ambayo kumhamisha mzee mmoja mmoja kwa utaratibu huchukua, pamoja na mishahara ya wahudumu wanaomjua hadi mkazi wa mwisho atakapokuwa amepata mahali. Fedha hizo zisiguswe kwa paa wala kwa sherehe ya miaka mia moja ya chama. Kwa mzee wa miaka tisini, kupewa taarifa ya wiki mbili kwamba chumba chake kinafungwa ni hatari kwa uhai wake, na bodi inayoweza kumpa miezi tisa ikampa wiki mbili kwa sababu iliogopa kuzungumzia jambo hilo mapema, imemkosea kuliko mweka hazina yeyote aliyewahi kuchukua sanduku la michango.